Kwacha Hakufika Galula

Eliza, mama yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Sisi tuko nyumba moja, ukuta mmoja katikati, na nakusikia unavyokoroma, kwa hiyo hali yako naijua: ni nzuri, na atakayekuoa ana kazi. Hali yangu utaijua ukimaliza kusoma.

Mambo ya safari siandiki. Begi lifungwe vipi, usinunue nini dirishani, wavulana wa chuo wana macho ya namna gani, hayo mama yako ameyasema tangu Jumapili na nadhani bado anayasema usingizini. Mimi niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nilikaa karibu na dirisha ili kutoka kuwe rahisi. Ukikuta herufi imelala, iache ilale, imechoka kama mwenyewe.

Nimekaa kuandika kwa sababu ya maneno uliyoyasema pale uani siku tuliyokuaga. Ulisimama na soda yako, ukamshukuru shangazi yako wa Itaka, ukawashukuru walimu, kisha ukasema aliyekufanya uchague chuo cha mifugo ni baba yako. Ukasema, "Baba yangu ni fundi baiskeli tu. Lakini mbwa wangu alipougua, watu wote wakicheka, yeye alimtafutia mtaalamu mpaka Galula. Nataka kuwa kama baba."

Watu wakapiga makofi. Mama yako akainamia sufuria ya wali ambayo haikuwa na wali. Shangazi yako akajifunga kanga upya. Mzee Shabani, ambaye kwa kawaida hakosi neno, akachungulia ndani ya chupa yake kama mtu aliyedondosha kitu humo. Na mimi nikafanya nini? Nikasimama, nikapunga mkono kama mbunge.

Kwacha hakufika Galula, mama. Hakutibiwa, hakuwa mlinzi wa mgodi, hakuzaa na jike la mwenye duka. Yote hayo niliyatunga mimi, nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda changu, mikono ina solusheni ya viraka.

Alivyokuja unakumbuka mwenyewe, ila nitakusimulia tena, maana ni sehemu ninayoipenda na nyingine sizipendi. Dereva mmoja kutoka Zambia lori lake lilikwama kwenye foleni ya mpakani. Akaja kibandani kuomba nimzibie ndoo yake ya maji kwa kiraka cha tyubu. Nikaziba. Badala ya ahsante akanipa boksi la biskuti, ndani yake hakuna biskuti hata moja, kuna kitu cheusi kinatetemeka. Wabadilisha fedha walikuwa wamesimama hapo wakigombana kwamba kwacha imeshuka tena. Wewe ukasikia neno likakupendeza, ukasema mbwa anaitwa Kwacha. Nikasema jina zuri, kila siku atashuka. Akapanda. Akawa na shingo kama ya ndama. Kiswahili akakataa kabisa kukijua. Ukimwambia njoo anakutazama kama karani aliyefunga ofisi. Ukimwambia isa kuno, njoo hapa ya Kibemba, kama alivyozoea kuitwa na yule dereva, anakuja mpaka anakuangusha. Mteja mmoja alisema mbwa huyu anastahili pasipoti.

Sasa uelewe jambo moja kuhusu kibanda changu, maana ndilo lililoniharibia. Watu hawaji kwangu kwa ajili ya baiskeli peke yake. Wanakuja kucheka. Vijana wa kuvusha mizigo kwenda Nakonde wana mafundi wengine njia nzima, lakini wanasukuma tairi lililoisha upepo mpaka kwangu, kwa sababu kwangu ndipo majina yanapotolewa. Yule wa nyonga mbovu nilimwita Pedeli Moja. Mwalimu anayesita kila sentensi nilimwita Breki. Jirani yetu aliyefiwa na mke akaoa upesi nilimwita Spea. Majina hayo yaliwakaa. Spea mpaka leo anaitwa Spea na watoto wake mwenyewe. Mimi sikuwa na jina. Mtoa majina hapewi jina, na nilikuwa naona huo ndio utajiri wangu, maana mwingine sina.

Kwacha akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Wewe ndiwe uliyeona. Mimi nikasema amejikwaa. Ukasema tena, kuna kitu kigumu juu ya goti, baba, shika. Nikashika, nikasema ni misuli, mbwa wa mpakani lazima awe na misuli. Nakumbuka ulivyonitazama. Ulikuwa na miaka kumi na ulijua nimeshika nini.

Ulipozidi kulia nikampakia kwenye keria, nikamfunga kwa mpira kama gunia la sukari, nikampeleka kwa bwana mifugo. Kijana yule alikuwa mgeni, amehamishiwa Tunduma hivi karibuni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamgusa Kwacha taratibu, Kwacha akalia, akaacha. Akaniambia, "Fundi, nisikudanganye. Uvimbe huu uko kwenye mfupa. Kwa dawa ya kumeza hauishi."

Akasema njia ziko hizi. Kumpeleka Mbeya kwa daktari wa wanyama akakatwe mguu wote kutoka begani. Anaweza kuishi vizuri kwa miguu mitatu, tena kwa furaha, lakini ugonjwa wa namna hii unaweza kuwa umeshatembea hadi kwenye mapafu, na hapo utakuwa umemkata bure. Au kumpa vidonge vya maumivu, kumtazama, na siku vikishindwa kumchoma sindano ya mwisho asiteseke. Au kumchoma sindano hiyo sasa. Nikamuuliza angekuwa wake angefanyaje. Akasema hajui. Kisha akauliza mbwa ni wa nani. Nikasema wa binti yangu. Akasema, "Basi kamuulize na yeye."

Sikukuuliza. Hilo ndilo kosa la kwanza, na yote mengine yalipita katika mlango huo. Nilijiambia mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba neno kama hilo. Nilikuwa najua unaweza. Ila nikikuuliza, ungenijibu, na ukinijibu ningelazimika kufanya.

Nikarudi kibandani na Kwacha kwenye keria. Vijana wamejaa. Pedeli Moja akapaza sauti, "Daktari wa mbwa huyoo." Wakacheka. Lile jina likanishika shingoni kama inzi, nikaona likitua hapa halitoki. Breki akaniuliza, mwenzetu, mganga kasemaje?

Ningeweza kumjibu kama alivyoniuliza. Badala yake nikasema, "Anataka nimkate mguu mmoja nimgeuze guta, nipakizie mchanga."

Mama, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Unajua guta lilivyo, magurudumu matatu na mlio wa kulalamika. Wakawa wanamwona Kwacha na sanduku mgongoni. Mmoja akaomba kuwa dereva. Mwingine akauliza atakuwa anakodishwa kwa siku au kwa tripu. Na mimi nikazidi kuchochea, maana jina la daktari lilikuwa limesahaulika.

Nilipogeuka nikakuona. Umesimama nyuma ya rimu zilizoning'inizwa, umeshika kikombe cha uji wa Kwacha kwa mikono miwili. Ulikaa chini ukamnywesha.

Baada ya mzaha ule, njia ya kwenda Mbeya ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga ni mimi. Ningempelekaje kukatwa mguu nirudi naye mbele ya watu niliowafundisha mwenyewe kumwita guta? Nilikuwa tayari mbwa aumie kuliko mimi nichekwe. Siwezi kuiandika vizuri zaidi ya hapo. Nimejaribu kwenye karatasi nyingine, zote zinatoka hivyo hivyo. Mama yako nilimwambia pesa haitoshi. Ilitosha.

Sindano nayo sikutaka, kwa sababu ingebidi nimshike. Kwa hiyo nikachagua kusema Jumatatu. Bwana mifugo alipita na pikipiki yake ya serikali akauliza, fundi, mmeamua? Nikasema Jumatatu. Akapita tena, nikasema mtoto ana mitihani, Jumatatu. Akaacha vidonge juu ya benchi, akaondoka. Vidonge vikaisha, sikufuata vingine. Kwacha akawa halali. Analia kwa sauti nyembamba, kama breki inayohitaji mafuta, na mimi, fundi wa breki, nimekaa hatua chache kutoka kwake nikisimulia hadithi.

Mzee Shabani unajua msimamo wake na mbwa. Tangu ahamie hapa kutoka Kondoa na duka lake la tyubu, Kwacha akimkaribia anainua kanzu na kuzunguka nyuma ya nguzo. Siku moja watu walipopungua akaja akasimama mbele yangu. Akaongea polepole, bila utani hata kidogo, jambo ambalo kati yetu lilikuwa halijawahi kutokea. "Bwana fundi, mimi simgusi yule, unajua. Lakini masikio ninayo. Mkate, mchome, lolote. Amua."

Nikamwambia, "Mzee, nikimkata utamnunua?"

Akarudi dukani kwake. Hakuniazima gazeti kwa wiki nzima.

Nikaamua, basi, kwa namna yangu. Sichone, yule aliyekuwa anapeleka mchele na betri kwa wachimbaji wa Galula kwa pikipiki, alikuwa mtu wangu. Nikamwambia amchukue Kwacha, na akifika sehemu haina watu ammalize. Tulimfunga nyuma ya tanki juu ya gunia ukiwa shuleni. Kwacha hakugoma. Alinilamba mkono wakati nafunga kamba, akidhani tunakwenda tena kwa yule kijana wa macho mekundu. Jioni ukaja, ukamtafuta, nami nikakwambia kuna mtaalamu mgodini Galula ana dawa ya mifupa. Ukaniamini upesi mno. Ukakumbatia kiuno changu pale pale na mafuta yangu yote, sare ya shule ikachafuka, mama yako akagomba kwa ajili ya sare. Kwa ajili ya lile jingine alisubiri ulale.

Sichone akarudi akasema kazi imekwisha. Nikampa sigara. Wala hakunitazama usoni, nikadhani ni vumbi.

Siku chache baadaye shangazi yako akanitumia salamu kwa konda wa Hiace: aje Itaka, kuna mgeni wake. Nikaenda nikidhani ni mambo ya ukoo. Ilikuwa msimu wa kuchuma, uwanja umejaa vitanda vya kahawa inayoanikwa. Akanionyesha chini ya kitanda kimoja. Kwacha amelala juu ya gunia, mguu umepasuka, nzi wamejaa, mbavu zinahesabika. Sichone alikuwa ameshindwa. Aliniambia baadaye, alipofika kwenye mashamba ya Itaka alimshusha, akamtazama, akapanda pikipiki akakimbia. Na wewe ulikuwa umempeleka Kwacha pale likizo zote. Alijua njia ya kwa shangazi. Akajiburuta mpaka pale.

Shangazi yako akaniuliza, "Huyu si Kwacha wa Eliza?"

Nikasema mbwa wote wanafanana.

"Wenye uvimbe mguu huohuo?"

"Dada, mimi fundi baiskeli, si fundi mbwa."

Hakucheka. Yeye hajawahi kunicheka hata tukiwa watoto, ndiyo maana nilihamia Tunduma. Akasema, "Haya. Mwite kwa Kibemba chenu. Akinyamaza nitaamini ni wa mtu mwingine."

Nikamwita kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani. Tena kwa sauti ya kukaza, kama ninafukuza mbuzi shambani. Kinyiha mbwa yule hakukijua, nilichagua kwa makusudi. Nikasikia kitu kinapiga gunia. Mkia. Ukapumzika, ukapiga tena. Kichwa hakuweza kuinua, lakini mkia ule ulikuwa unanishuhudia mbele ya dada yangu kwamba huyu ni wangu, huyu mzee mjinga, namfahamu.

Shangazi yako akasema, "Yeye amekutambua. Na wewe mtambue."

Nikakaa chini ya kahawa. Asubuhi nikamfuata bwana mifugo wa kule, mtu mzima, anatafuna mswaki. Nikamwambia nimeamua, twende Mbeya akakatwe, nikamweleza yote aliyosema yule kijana, neno kwa neno, kama mwanafunzi aliyekariri baada ya mtihani kukusanywa. Akachutama, akamtazama Kwacha, akanifinya bega. Akasema huyu sasa hana njia nyingi, imebaki moja. Zile nyingine zilikuwepo, zimepita.

Nilimshika kichwa. Hapo, wakati sindano inaingia, ndipo nilipomwambia isa kuno. Nikamwambia tena na tena, hali hawezi kwenda popote. Tulimzika kwenye mstari wa kahawa karibu na mashine ya kumenyea. Ndipo unapopenda kukaa ukienda Itaka, unasema pana baridi nzuri. Shangazi yako kila ukikaa hapo huingia ndani. Aliniambia siku ile, "Sitamwambia. Lakini akiniuliza sitadanganya." Hukuwahi kumuuliza, kwa sababu hukujua kuna swali.

Nilirudi nikiwa nimeamua kukwambia. Ukanipokea barabarani ukauliza, baba, kuna habari za Galula? Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kunisubiri, ukasema amepona. Basi. Tangu hapo nikawa namlisha mbwa aliyekufa. Nikamfanya mlinzi, nikamwoza, nikamfundisha kula samaki. Aibu yenyewe, mama, ni kwamba kuna siku nilifurahia. Hadithi ilikuwa tamu. Wewe ukawa unamtumia andazi kila Sichone anapokwenda, limefungwa kwenye karatasi ya daftari. Sichone aliyala maandazi yote. Namwonea huruma, maana alikuwa anakula akilia. Aliniambia mwenyewe, akaacha njia ya Galula, akahamia kubeba abiria wa Chapwa.

Chuoni watakufundisha uvimbe wa mfupa. Siku moja mwalimu atachora mguu ubaoni, na wewe una akili za mama yako, utajua kwamba mtaalamu wa Galula hakuwepo. Sikutaka ulijue hilo ukiwa kati ya wageni, umeshika kalamu.

Na sitakuambia kukata ndiko kulikuwa sahihi. Sijui. Labda angekufa mezani Mbeya. Labda angeruka na miguu yake mitatu mpaka umalize sekondari. Kama ningemchoma siku ile ya kwanza, na wewe umemshika, usingenichukia, naamini. Kila njia aliyoitaja yule kijana mtu angeweza kuitembea bila kuficha uso. Mimi nilitafuta ile ambayo hakuitaja.

Ukishakuwa bwana mifugo, au bibi mifugo, sijui watakuitaje, atakuja mzee mmoja na mnyama kwenye keria. Atakuchekesha. Atakuwa na maneno mazuri kuliko haya. Cheka kidogo, si vibaya, kisha umuulize mnyama ni wa nani. Akisema ni wa mtoto, mwambie akamlete mtoto. Akisema Jumatatu, usimwachie vidonge ukaondoka. Kaa naye kwenye benchi mpaka utani umwishie. Utamwishia. Wangu uliisha kwenye gunia la kahawa, ila hapakuwa na mtu wa kuniwahisha.

Barua hii nilikuwa nimepanga kuitia ndani ya begi lako, chini ya mashuka, uikute ukiwa mbali. Nimeshafika mpaka kwenye zipu. Nikasimama. Nikaona ndiyo mambo yaleyale: kumfungia mtu kitu juu ya chombo cha safari, kugeuka, na kusubiri wengine wakimalize porini. Kwa hiyo naiweka juu ya viatu vyako, hapo mlangoni. Huwezi kuvaa bila kuiona.

Mwaka ule nilikunyima neno. Safari hii neno ni lako. Kila mtu anajua kwamba mimi ndiye nitakayekubebea begi mpaka stendi. Nimeshapaka mafuta cheni ya baiskeli na keria nimeifunga upya. Asubuhi nitakuwa nje, nashughulika na pampu ambayo haina tatizo lolote. Ukitoka na begi mkononi ukapita, nitaelewa, na sitasema kitu cha kuchekesha. Ukiliacha pale kizingitini, nitakuja kulichukua.

Usiniite. Nitakuwa natazama begi.

Baba yako,
fundi